Utamu na Nikotini: Historia ya Ladha Katika Sigara

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamechapwa kama yalivyosomwa, ili wanafunzi wayasome tena polepole pamoja na mwalimu wao.

Ninyi mlio darasani, sogeeni karibu na redio. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno manne: ladha, nikotini, mentholi, uraibu. Tutayaeleza moja moja tutakapoyafikia.

Leo tunasoma historia ya kitu ambacho wengi hawadhani kuwa kina historia. Kitu hicho ni ladha: ladha ya asali, ya pereminti, ya tufaha, ya embe. Tutaona jinsi ladha hizo zilivyotiwa katika tumbaku, na kwa sababu gani zilitiwa. Kisha tutaona jinsi zilivyofika katika sigara za umeme, ambazo vijana huziita vepu.

Swali letu ni hili. Mtu akizoea kuvuta kitu kinachonukia embe hata asiweze kukiacha, je, ni embe iliyomfunga? Na kama si embe, embe inafanya kazi gani humo?

Swali hili si la madaktari peke yao. Mzazi akisikia harufu ya sigara katika nguo za mwanawe, atauliza. Akisikia harufu ya embe, atauliza nini? Ndiyo maana somo hili linatuhusu.

1. Tumbaku na ukali wake

Tumbaku ni mmea wa bara la Amerika. Wenyeji wa huko waliilima na kuitumia kwa maelfu ya miaka kabla ya Christopher Columbus kufika mwaka 1492. Baada ya safari zake, mabaharia waliipeleka Ulaya, Asia na Afrika. Katika pwani yetu watu waliitafuna pamoja na tambuu, popoo na chokaa, na wengine waliinusa kama ugoro. Wazee wa pwani walikuwa na neno lao kwa vitu kama hivyo, ambavyo mtu akisha kuvizoea hawezi kuvikosa. Neno lenyewe ni uraibu. Siku hizi neno hilo twalitumia kwa maana ya hali ya kufungwa na kitu: mtu ataka kuacha, lakini mwili wake wakataa.

Ni kitu gani katika tumbaku kinachofunga? Mwaka 1828, katika chuo kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, wataalamu wawili, Posselt na Reimann, walifaulu kukitenga na jani. Ndicho kiitwacho nikotini. Kwa mmea wenyewe, nikotini ni silaha ya kuwafukuza wadudu. Kwa mwanadamu, nikotini ikivutwa hufika katika ubongo kwa muda wa nusu dakika au chini ya hapo. Huko huuamsha ubongo utoe dopamini, kitu kinachoufundisha ubongo kwamba jambo hili ni zuri, lirudiwe. Likirudiwa mara nyingi, ubongo hujipanga upya, ukawa hautulii mpaka upate nikotini. Hapo ndipo mtu huwa na wasiwasi, hasira na kukosa usingizi akiikosa.

Lakini angalieni jambo moja. Nikotini ni chungu, tena huwasha koo. Mtu anayevuta kwa mara ya kwanza hukohoa, hutokwa machozi, na pengine huona kizunguzungu. Kikohozi hicho ni kama mlinzi aliyewekwa mlangoni na Muumba. Humwambia mtu, "Usiingize kitu hiki." Wengi humsikiliza, wakaacha siku ile ile. Basi historia ya ladha katika tumbaku, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kumlaza mlinzi huyo usingizi.

2. Sukari, kisha mentholi

Katika karne ya 19 watengenezaji wa tumbaku ya kutafuna nchini Marekani walizoea kuilowesha katika sukari na urukususi ili iwe tamu. Wakati huo sigara zilikuwa chache, kwa sababu zilisokotwa kwa mikono. Mwaka 1880 kijana mmoja, James Bonsack, aliunda mashine ya kusokota sigara, na sigara zikawa nyingi na rahisi. Mwaka 1913 kampuni ya R. J. Reynolds ilitoa sigara ya Camel, iliyochanganya aina kadhaa za tumbaku. Mojawapo ilikuwa ile inayoitwa Burley, ambayo hunywa vizuri maji ya sukari na viungo. Moshi wa sigara za mchanganyiko huo ulikuwa laini kuliko moshi wa kiko, na watu waliweza kuuvuta mpaka ndani ya mapafu.

Baada ya sukari ikaja mentholi. Mentholi ni kile kitu cha pereminti kinachotia ubaridi kinywani. Mnaijua pia katika dawa za kuchua tunazojipaka kifuani wakati wa mafua. Mwaka 1925 Mmarekani mmoja wa Ohio, Lloyd Hughes, alipata hati ya serikali ya kumlindia ugunduzi wake wa kutia mentholi katika sigara. Mwaka 1933 ilitoka sigara ya mentholi iitwayo Kool. Matangazo yake yaliwashauri wenye mafua wahamie sigara hiyo, kana kwamba ni dawa. Mwaka 1956 ikafuata Salem.

Fikirini, ndugu zangu. Mentholi haikupunguza sumu ya moshi. Ilichofanya ni kulitia koo ganzi na ubaridi, hata koo lisilalamike. Moshi ni ule ule, lakini mlinzi amelala.

Mwaka 1964 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, Luther Terry, alitangaza kwamba sigara huleta kansa ya mapafu. Mwaka 1988 mwenzake aliyeshika kazi hiyo baadaye, C. Everett Koop, alitangaza kwamba nikotini huleta uraibu. Hata hivyo, mwezi wa Aprili 1994, wakuu saba wa kampuni za tumbaku walisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakasema kwa kiapo kwamba hawaamini kuwa nikotini hufunga mtu. Miaka michache baadaye, kesi mahakamani zililazimisha kampuni hizo kuzitoa nyaraka zao za siri. Katika nyaraka hizo ilionekana barua ya mwaka 1972. Katika barua hiyo washauri wa kampuni ya Brown & Williamson walizungumzia kutengeneza sigara yenye ladha ya soda au ya tufaha, tena wakataja asali, kwa kuwa vijana hupenda vitu vitamu. Kwa hiyo jambo hili la utamu na vijana si la jana. Lilikwisha kuandikwa kabla sigara za umeme hazijauzwa popote.

3. Sigara isiyo na moto

Mwaka 1963 Mmarekani aitwaye Herbert Gilbert aliomba hati ya serikali kwa chombo alichokibuni, akapewa mwaka 1965. Chombo chake kilikuwa mfano wa sigara, lakini hakikuwa na tumbaku wala moto. Kilipasha moto hewa yenye unyevu na ladha, mtu akaivuta. Tena hakikuwa na nikotini. Chombo hicho hakikupata kuuzwa sokoni.

Haya, wanafunzi, hapa pana fundisho. Chombo cha Gilbert kilikuwa na ladha bila nikotini.

Miaka 40 ikapita. Katika China alikuwako mfamasia, Bwana Hon Lik, aliyekuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Baba yake, naye mvutaji, alikufa kwa kansa ya mapafu. Hon Lik alitafuta njia ya kupata nikotini bila moshi wa tumbaku, na mwaka 2003 akaunda sigara ya umeme. Haikupita miaka mingi, ikawa inauzwa Ulaya na Marekani.

Chombo hicho hufanya kazi hivi. Ndani yake mna betri, waya mdogo unaopata moto, na umajimaji. Mtu akivuta, waya huupasha moto umajimaji huo ukawa kama mvuke. Umajimaji una glisirini na propilini glikoli, na mara nyingi una nikotini. Juu ya hayo hutiwa ladha. Na ladha zenyewe ni nyingi ajabu. Mwanzoni mwa mwaka 2014 watafiti wa Marekani walipekua maduka ya intaneti, wakahesabu majina ya ladha zaidi ya 7,700. Palikuwa na matunda, peremende, keki, kahawa na maziwa.

4. Kazi tatu za ladha

Sasa turudi kwenye swali letu. Ladha inafanya kazi gani?

Kazi ya kwanza ni kumwita mtu. Kijana ambaye hangegusa sigara kwa sababu ya harufu yake, huona si vibaya kuonja embe. Katika uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 2013 na 2014 kwa vijana wa miaka 12 hadi 17, katika kila 100 waliopata kujaribu sigara ya umeme, 81 walisema ile ya kwanza kabisa ilikuwa na ladha.

Kazi ya pili ni kuficha ukali. Utamu hufunika uchungu wa nikotini, na mentholi huliwekea koo ubaridi. Kwa hiyo mtu aweza kuvuta nikotini nyingi kuliko ambayo mwili wake ungekubali bila ladha.

Kazi ya tatu ni ya siri zaidi, nayo ni kuufundisha ubongo. Mtoto aliyezoea kununua aiskrimu, akisikia kengele ya muuzaji tu, mate hujaa kinywani. Kengele si tamu, lakini imefungamana na utamu. Ndivyo ilivyo kwa ladha na nikotini. Kila mara mtu anapoonja embe, nyuma yake huja nikotini. Baada ya siku nyingi, ile harufu ya embe peke yake huiamsha hamu. Wataalamu wamejaribu mambo haya kwa panya, wakaona kwamba ladha na nikotini zikifuatana, ladha huongeza nguvu ya nikotini ya kumrudisha mnyama pale pale. Kuhusu mentholi wameona zaidi: katika panya, mentholi yenyewe huongeza idadi ya zile sehemu za ubongo zinazopokea nikotini.

Basi jibu ni hili. Embe haimfungi mtu. Anayemfunga ni nikotini. Lakini embe ndiyo iliyofungua mlango, ikamlaza mlinzi, na baadaye ikawa sauti ya kumwita arudi.

5. Yaliyotokea Marekani

Tuone mfano wa kweli. Mwezi wa Juni 2015 kampuni moja ya California ilitoa sigara ya umeme iitwayo JUUL. Ilikuwa ndogo kama kifaa cha kompyuta cha kuhifadhia kumbukumbu, na rahisi kufichwa kiganjani. Nikotini yake ilichanganywa na asidi iitwayo benzoiki, ikawa chumvi ya nikotini. Chumvi hiyo haikwaruzi koo sana. Kwa hiyo waliweza kutia nikotini nyingi, karibu miligramu 59 katika kila mililita. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria haikuruhusu kupita miligramu 20. Na juu ya nikotini hiyo paliwekwa ladha za embe, mnanaa na matunda.

Sikilizeni hesabu hii ya wanafunzi wa shule za sekondari za juu nchini Marekani, yaani wale waliosema wametumia sigara za umeme katika siku 30 zilizopita. Mwaka 2011 hawakufika 2 katika kila 100. Mwaka 2017 walikuwa karibu 12. Mwaka 2018 walikuwa karibu 21. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 27. Mwalimu, chora ubaoni mistari minne ya urefu huo, darasa lione.

Mwezi wa Desemba 2018 Daktari Mkuu wa Serikali, Jerome Adams, alitangaza kwamba jambo hili limekuwa kama ugonjwa wa mlipuko. Jambo lililowatia watu hofu ni umri. Ubongo wa mwanadamu huendelea kukua mpaka karibu miaka 25, na ubongo unaokua hujifunza upesi, mazuri na mabaya. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nikotini nayo yamkunja samaki angali mbichi.

6. Mlango mmoja hufungwa, mwingine hufunguliwa

Serikali hazikukaa kimya. Mwaka 2009 Marekani ilikwisha kupiga marufuku ladha za matunda na peremende katika sigara za kawaida. Lakini mentholi iliachwa, na sigara za umeme hazikuguswa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ikaamua kuzuia ladha katika sigara za umeme zenye vibweta vya kubadilisha, isipokuwa ladha ya tumbaku na mentholi. Lakini amri hiyo haikugusa sawasawa zile za kutumia na kutupa. Vijana wengi wakahamia huko, na ladha zikawafuata. Hata hivyo idadi ilishuka. Mwaka 2024 wanafunzi wa sekondari za juu waliotumia walikuwa karibu 8 katika kila 100. Lakini katika wanafunzi wote waliokuwa wakitumia mwaka huo, karibu 88 katika kila 100 walitumia zenye ladha.

Nchi nyingine nazo zimechukua hatua. China, ambako chombo hiki kilibuniwa, ilipiga marufuku mwezi wa Oktoba 2022 kuuza nchini mwake sigara za umeme zenye ladha isiyo ya tumbaku. Uholanzi ilifanya vivyo hivyo mwanzoni mwa mwaka 2024.

Na sisi Afrika ya Mashariki? Kwetu utamu katika tumbaku ulijulikana sana kwa njia ya shisha. Waarabu huiita tumbaku ya shisha muassal, maana yake iliyotiwa asali. Bila shaka mmelisikia humo neno letu asali. Katika miaka ya 1990 tumbaku hiyo ilianza kutengenezwa kwa wingi Misri ikiwa na ladha ya tufaha na matunda mengine, ikasambaa duniani. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, ilizuia shisha, tumbaku zenye ladha na sigara za umeme pamoja. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, na Rwanda mwaka 2017. Kwa hiyo tusidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu.

7. Neno la haki

Ni lazima tuseme na upande wa pili. Wapo watu wazima waliovuta sigara miaka mingi wakashindwa kuacha. Katika jaribio lililotolewa Uingereza mwaka 2019, waliosaidiwa kwa sigara za umeme na kufaulu kuacha sigara za kawaida kwa mwaka mzima walikuwa 18 katika kila 100. Waliosaidiwa kwa dawa nyingine za nikotini, kama vile plasta na ubani, walikuwa karibu 10. Moshi wa tumbaku inayoungua una sumu nyingi kuliko mvuke. Tena baadhi ya watu hao wazima husema ladha ziliwasaidia wasiitamani tena tumbaku.

Hapo ndipo penye ugumu kwa watunga sheria. Ladha ile ile yaweza kumtoa mzee katika sigara, na kumwingiza mtoto katika nikotini. Lakini angalieni tofauti. Mzee alikuwa amekwisha kufungwa, anatafuta kamba iliyo nyepesi. Mtoto alikuwa huru. Kwake yeye hakuna kamba iliyo nyepesi. Kuna kamba tu.

8. Mwisho wa somo

Basi, wasikilizaji, tumetoka mbali. Tumeanza na urukususi na sukari, tukapita kwenye mentholi, tukafika kwenye embe. Ladha zimebadilika, lakini kilicho nyuma yake ni kile kile kilichotengwa Heidelberg mwaka 1828. Wahenga walisema, chovya chovya yamaliza buyu la asali. Mwenye kuchovya hudhani anaonja tu, kumbe anazoea, na mazoea yana taabu.

Ukirudi nyumbani leo, usianze kwa ugomvi. Kaa na mwanao, umwambie habari hizi kama nilivyokuambia. Mwulize kama amepata kuviona vyombo hivyo, na ladha yake ni gani. Kisha mwulize swali moja: "Chini ya utamu huo, kuna nini?" Akiweza kulijibu, amekwisha kujua jambo kubwa.

Na wewe mwenyewe, kama umezoea nikotini kwa njia yoyote, iwe sigara, ugoro au vepu, usione haya kwenda zahanati kuomba shauri. Uraibu si upumbavu. Ni ubongo uliofundishwa vibaya, na uliofundishwa vibaya waweza kufundishwa tena.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Nikotini hufanya nini katika ubongo?
2. Kwa nini tulikiita kikohozi mlinzi?
3. Taja kazi tatu za ladha. Ipi ni ya siri kuliko nyingine, na kwa nini?
4. Eleza tofauti kati ya chombo cha Gilbert na kile cha Hon Lik.
5. Kama ninyi mngekuwa watunga sheria, mngefanya nini ili mzee asaidiwe na mtoto alindwe? Toeni sababu zenu.

Kila mmoja aandike katika daftari sentensi tatu zenye neno uraibu, azisome mbele ya wenzake. Kwa herini, mpaka tutakapokutana tena katika somo lijalo.